Eda ya Mume Asiyekuwepo

Wewe uliyenifuata tangu mwanzo unayajua haya, ruka mistari michache. Lakini kama gazeti limekufikia leo limefungiwa maandazi, ngoja nikuweke sawa.

Jina langu Ummukulthum, nyumbani wananiita Kulthum. Nilikuja London kusomea uhasibu. Nikamaliza chuo, nikakaa kwa shangazi yangu Zahra huko Stratford, nikapata kazi ya kuuza sari dukani kwa Vasantiben, Kingsbury. Nikampenda Riyadh wa mkahawa wa Edgware Road. Riyadh akaniahidi ndoa, kisha akaenda Muscat kumuuguza mama. Wiki iliyopita mlisoma jinsi nilivyogundua kwamba mama huyo ana miaka ishirini na sita, na amemzalia Riyadh watoto wawili.

Mlisoma pia jinsi nilivyokwenda kliniki na mimba ya Riyadh tumboni. Nilikuwa nimeshalia, nimeshafikiri, nimeshaamua. Nikasema kwa sauti ndogo, mpaka daktari akalazimika kuinama anisikie: sitaki kuizaa.

Tuliachia pale daktari alipoweka kalamu mezani.

"Nenda nyumbani ukafikiri," alisema. "Wiki moja."

"Nimeshafikiri, daktari."

"Naam. Sasa ukafikiri tena."

"Ni sheria?"

"Hapana, sheria haisemi hivyo. Ni utaratibu wetu hapa. Kuna wanawake hubadili mawazo."

"Na wasiobadili?"

Akaichukua tena kalamu. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. "Hao hungoja tu," akasema.

Hakuwa mtu mbaya. Alinisogezea boksi la karatasi za kufutia machozi, akanieleza kwamba nisiikose miadi ya Ijumaa ijayo. Nikiikosa, vidonge havitafaa tena. Itakuwa operesheni, itakuwa kulazwa, na sharti awepo mtu wa kuja kunichukua.

"Unaye mtu wa kuja kukuchukua?"

Nikamfikiria Shangazi Zahra akiwa ameshika mkoba wangu mlangoni mwa wodi ile. "Sina," nikasema.

Nilipotoka nilimwomba karani kitu kimoja. Akinipigia simu nyumbani asitaje kliniki, asitaje daktari, asitaje chochote. Akaapa. Na niseme kweli, kiapo alikitimiza. Siri yangu aliitunza vizuri mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Ilikuwa Jumatatu, nimerudi kazini, koti hata sijavua. Miska, binti yake Shangazi, alikuwa mezani anapaka rangi kucha. Miska ana miaka kumi na saba, kazaliwa hapa hapa Stratford. Kiswahili kwake kinaingia vizuri, hakitoki.

"Da Kulthum, some lady called for you."

"Nani?"

"Hakusema. Nimemuuliza, who's calling? Akasema, I can't say. What's it about? I can't say. She was well weird."

"Sasa kapiga simu kusema nini?" Shangazi akauliza kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Kasema, tell her the waiting period finishes Friday, eleven o'clock."

Nikavua koti, nikalitundika pasipo na msumari.

"Wetini nini?" akauliza Shangazi, mafuta ya kukaanga yamemziba masikio.

Hapo Miska akapata tabu. Mama yake kila siku humsema kwamba hajui lugha yao, na kwa mara moja alitaka kumfurahisha. Akafumba macho akatafuta. Jumamosi zote za utoto wake alipelekwa chuo cha Kurani, akafundishwa dini kwa kitabu cha Kiingereza, na maneno yale mawili, waiting period, alikuwa ameyakuta humo tu, si pengine popote.

Akafungua macho kwa fahari.

"Eda! Mama, it's eda. Eda yake inaisha Ijumaa."

Mwiko ukaanguka.

Kwa msomaji asiyejua, eda ni muda anaokaa mwanamke wa Kiislamu akingoja baada ya kuachwa au kufiwa na mume. Ili ukae eda, lazima kwanza uwe na mume.

"Kulthum! Umeolewa?"

Nikafungua mdomo. Wanaonijua wanaujua mdomo wangu. Hufunguka, kisha basi.

"Umeolewa lini? Na nani? Na mbona... eda ya nini? Kakuacha au kafa?"

Nilitaka kusahihisha, Wallahi nilitaka. Lakini kila sentensi ya kusahihisha niliyoitunga kichwani ilianzia kliniki.

"Kamwacha nani?" Ami Matar, mume wa Shangazi, akanyanyuka kitini. Ami ni dereva wa basi na ana hasira za karibu. "Yuko wapi mshenzi huyo? Anakaa mtaa gani? Nitampitia juu na basi!"

Nikaangua kilio. Nilimwonea huruma huyo atakayepitiwa, ijapokuwa hayupo.

Shangazi akaniangalia kwa makini, kama mtu anayepima nguo. "Matar, keti. Aliyeachwa halii hivi. Huyu kafiwa."

Nikanyamaza. Kwetu msichana akiulizwa akanyamaza, amekubali. Wenzangu huozwa hivyo. Mimi nilifiwa hivyo.

"Inna lillahi," akasema Ami Matar, hasira ikamwisha. Akanijia anipe pole, mkono ameunyoosha. Katikati ya zulia akasimama ghafla, akajiziba macho. "Astaghfirullah! Si yumo edani huyu! Mimi si maharimu yake!"

Akageuka, akajigonga kwenye kabati.

Mwanamke wa edani hatazamwi na mwanamume asiye wa damu yake, basi tangu saa ile Ami Matar akawa kipofu ndani ya nyumba yake. Akitoka chumbani hukohoa. Akienda jikoni hushika gazeti usoni. Mtu anayepitisha basi la ghorofa mbili katikati ya London bila mkwaruzo, kwake alipasua vikombe na kukanyaga paka wa jirani aliyekuwa amelala zake kwenye ngazi. Chakula alikula chooni, amekaa ukingoni mwa beseni la kuogea.

Shangazi naye alikuwa anapiga hesabu. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Kama inaisha Ijumaa, basi muda wote huo nilikuwa natembea.

"Umekaa edani unauza sari nyekundu! Umejipaka manukato! Jumapili ile ulikuwa umevaa hereni, Kulthum, nimeziona kwa macho yangu haya!"

Halafu akanikumbatia, akalia yeye. "Mwanangu, yote hayo umeyabeba peke yako. Kwa nini hukunambia?"

Hilo ndilo lililoniuma kuliko mengine. Mapenzi yalikuwa ya kweli. Mume ndiye hakuwepo.

Basi siku zilizobaki, akasema, nitazikaa kama inavyotakiwa. Nikavishwa nyeupe. Kioo kikageuzwa ukutani. Koti na viatu vyangu vikafungiwa kabatini kwake. Akapiga simu kule anakotunza wazee, akaomba ruhusa. "Nimefiwa," nikamsikia akisema. "Na mkwe... Hapana, simjui. Lakini ni mkwe."

"Mama tumpigie?" akauliza Miska.

"Mama yake ana presha. Tutamwambia akishatoka edani salama."

Jumanne wanawake wakaanza kuja, mmoja mmoja, kila mmoja na sufuria. Wakakaa chini chumbani kwangu wakinitazama. Bi Raya wa Wete ndiye aliyeanza.

"Marehemu jina lake nani, mwanangu?"

Nikatafuta jina ambalo halitamdhuru mtu. "Msabaha," nikasema.

Bi Raya akapiga paja. "Msabaha! Yule mrefu?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Ungefanyaje?

"Mweupe mweupe? Mkimya?"

"Ndiyo."

"Wallahi namjua! Namjua mpaka mama yake! Ah, kijana yule! Alikuwa hapiti mlangoni bila kusalimia."

"Kafa na nini?" akauliza mwingine.

"Kifua," Bi Raya akajibu badala yangu. "Tangu mdogo kile kifua."

Kufika magharibi Msabaha alikuwa na kijiji, na ugonjwa, na dada aliyeolewa Mombasa. Alipenda pweza. Aliwahi kumwokoa mtoto kisimani. Mimi mwenyewe nikaanza kumlilia kweli. Alikuwa mtu mwema sana, na Riyadh hakumfikia hata kidogo.

Daktari alinipa wiki ya kufikiri. Sikupata dakika. Kila nikifumba macho nifikiri, mtu huniwekea mkono begani akasema, "Usimfikirie, mwanangu, utaumwa."

Jumatano akaja Vasantiben. Aliona sijaonekana dukani, akafunga duka, akapanda treni kutoka Kingsbury mpaka huku. Vasantiben kazaliwa Unguja, Darajani, na ndiye mtu pekee aliyejua habari ya kliniki. Akafungua mlango wa chumba, akaniona nimevaa nyeupe. Kwao Wahindu pia nyeupe ni ya wajane. Akaanguka kifuani kwangu akilia.

"Nani kafa? Kulthum, nani kafa?"

"Mume wangu," nikamnong'oneza.

"Una mume?"

"Sina."

"Sasa kafaje?"

Nikamweleza. Akaziba mdomo kwa ncha ya sari. Mabega yakamtikisika kwa kicheko, na wanawake waliokuwa ukumbini wakasema, tazama Mhindi yule alivyo na imani.

"Mwambie shangazi yako ukweli," akasema alipopata pumzi.

"Siwezi. Atanirudisha kwa mama. Na mama ana presha."

"Basi toroka."

"Viatu vimefungiwa."

"Hiyo Ijumaa saa tano, si ndiyo unatolewa eda? Toka, ingia ndani ya gari langu, twende."

"Vasantiben, kliniki ni saa tano hiyo hiyo! Na mwendo wa saa nzima. Shangazi anasema hanitoi hata dakika kabla. Anasema yule mama wa simu ni jamaa wa upande wa mume, ndiye anayeijua saa aliyokufa."

Vasantiben akatazama dari. Dukani hutazama dari hivyo mteja anapotaka kupunguziwa bei. Kisha akatoka kwenda ukumbini, akajiweka karibu na Shangazi.

"Pole sana, dada. Marehemu kafia wapi?"

"Pemba," akasema Bi Raya.

"Saa tano ya asubuhi?"

"Saa tano," Shangazi akasema.

"Ya Pemba au ya Stratford?"

Wanawake wakaweka vikombe chini.

"Maana kama ni ya Pemba," Vasantiben akaendelea, anakunja pembe ya sari kwenye vidole, "huku saa hiyo ni saa mbili tu. Mimi si Mwislamu, dada, sijui mambo yenu. Lakini roho si imetoka kwa saa ya kule?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Ami Matar akaulizwa kupitia mlango wa chooni. Akasema basi likitoka Stratford linafuata saa ya Stratford, lakini mtu akifa anafuata saa yake. Ikakubaliwa. Nitatolewa saa mbili.

Usiku ule nililala vizuri kuliko siku zote za mwezi ule.

Ijumaa kabla ya saa mbili nikaogeshwa. Nikafukizwa udi, nikavishwa gauni la kijani alilonishonea Shangazi mwenyewe, amekesha juu yake. Koti langu likatolewa kabatini. Viatu vikaletwa. Vasantiben alikuwa ameshaomba ruhusa ya kunichukua nikapunge upepo, na gari lilikuwa nje, nikiisikia injini.

"Nenda, mwanangu," Shangazi akasema. "Ukaione dunia."

Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja. Mlango ukagongwa, akaingia Bi Thuwaiba.

Bi Thuwaiba ndiye mwalimu wa nusu ya wanawake wa Kizanzibari mashariki ya London. Kila mtu akasimama. Yeye akaja moja kwa moja kwangu, akakaa, akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa baridi kwa hewa ya nje.

"Pole, mwanangu. Nimechelewa, treni zilikwama. Nataka kukuuliza neno moja tu kabla hujatoka. Umeulizwa?"

"Kaulizwa nini, Bi?" Shangazi akasema.

"Kama ana mimba."

Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Walishughulika mno na pweza wa Msabaha.

"Kwa sababu mjane mwenye mimba hahesabu miezi," akasema Bi Thuwaiba. "Eda yake ni mpaka ajifungue."

Mpaka nijifungue! Daktari alitaka wiki. Shangazi alihesabu miezi minne. Huyu sasa alitaka mpaka mwisho kabisa, na wote watatu waliningojesha kwa upole mmoja.

Neno nililolihitaji lilikuwa moja. Hapana. Mtoto mdogo hulisema. Gari lilikuwa nje.

"Sikuulizi kwa ubaya," Bi Thuwaiba akasema polepole. "Na hapana atakayekuchunguza. Utakalosema ndilo."

Angenifokea ningemdanganya. Angenikazia macho ningemdanganya mara mbili. Lakini aliniamini kabla sijasema, na mimi nikiaminiwa huvunjika.

"Ninayo," nikasema.

Vigelegele vikapasua nyumba. Jirani wa juu akagonga sakafu.

"Msabaha kaacha mtoto!" akapiga kelele Bi Raya. "Allahu Akbar! Atakuwa mrefu!"

Mtu akanivua kiatu. Mwingine akachukua koti. Miska akaja akanibusu, "Da Kulthum, oh my God, a baby!" Nguo nyeupe zikatolewa tena kwenye kapu, bado na joto la mwili wangu. Kutoka chooni Ami Matar akaanza kusoma dua kwa sauti. Nje honi ikalia, mara moja, kwa adabu.

Na Shangazi, machozi yanamchuruzika, akaenda kwenye simu. Nikaona anakwangua kadi ya kupigia nje, anabonyeza namba ambazo nazijua kwa moyo.

"Presha, Shangazi," nikasema. Hakuna aliyenisikia.

"Haloo? Wifi! Ndiye mimi Zahra. Wifi, kaa kitako. Umekaa? Nina habari mbili, moja ya msiba na moja ya furaha. Nikuanzie ipi?"

"Weka simu chini!"

Wanawake wakageuka kutafuta nani kasema. Walitazama mlangoni. Walimtazama Miska. Sauti ile hawakuwahi kuisikia, hata mimi sikuwahi.

"Shangazi, weka simu chini. Hakuna aliyekufa. Hapana Msabaha. Sijaolewa, sikuachwa, sikufiwa. Hakuwahi kuwepo mtu huyo."



"Lakini mimi namjua mama yake," akasema Bi Raya.

Ami Matar akakatiza dua. Bi Thuwaiba hakuiachia mikono yangu, na sijui mpaka leo kama alikuwa ananizuia au ananishika nisianguke. Kwenye mkono wa simu sauti ya mama yangu ilikuwa ndogo kama ya mdudu ndani ya chupa.

"Haloo? Zahra? Nani kafa? Nani huyo anapiga kelele? Kulthum?"

Shangazi akaziba simu kwa kiganja. Hakufoka. Ningependa angefoka. Alinitazama kuanzia gauni la kijani, akashuka mpaka tumboni, akakaa hapo kidogo, kisha akarudi usoni. Nikaona kitu kinaanza kumwingia taratibu, mwanamke huyu aliyefanya kazi na wauguzi na madaktari wa nchi hii tangu mimi sijazaliwa.

"Kulthum," akasema. "Kama hakuna aliyekufa, leo saa tano kinaisha nini?"